Mizunguko Thelathini na Tatu

Jumamosi, 4 Machi

Mimi ndiye fundi bora wa mashine za santuri aliye hai, na kati ya waliokufa sijasikia wa kunitisha. Sijisifu, naandika kilichopo. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na vya kunifundisha. Wao wanasema ni mahudhurio, lakini kila mtu na maneno yake. Nina miaka kumi na tisa, mkono wangu hautetemeki, na daftari hili nimelianza ili siku watu watakapouliza Injinia alianzaje, wapate pa kusoma. Injinia ni mimi. Jina nimejipa mwenyewe, maana nimeona nikisubiri kupewa nitaitwa "wewe" mpaka nizeeke.

Nafanya kazi kwa mjomba wangu, anayetengeneza redio. Mbele ni meza ya kazi na harufu ya risasi ya kulehemia. Nyuma ni chumba chenye viti sita na mashine moja kubwa ya santuri, na kila Jumamosi saa tisa alasiri wanakuja kusikiliza. Wanajiita Chama. Jumla yao ni wanne, na kelele zao ni za watu arobaini.

Wa kwanza mjomba, mwenyekiti, kwa sababu viti ni vyake. Wa pili Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu lakini hajastaafu kusahihisha watu. Wa tatu Mama Nesi, mkuu wa wodi wa zamani. Akisema "tulia" hata mvua inasita. Wa nne Babu. Huyu si babu yangu wa damu, ni fundi wa piano, yule anayekaza nyuzi mpaka kila sauti ikae mahali pake. Ana miaka sabini na minne. Mafundi wengine hutembea na kile chuma cha meno mawili, wanakigonga kinawapa sauti ya kuanzia. Babu hugonga sikio lake kwa kidole.

"Kipimo kiko humu, mjukuu wangu. Hakishiki kutu."

Ukumbi wa mji una piano kubwa nyeusi kama jeneza la tajiri, na kwa miaka arobaini hakuna mkono uliogusa nyuzi zake isipokuwa wake.

Sasa, wanagombania nini? Simfonia moja, ule muziki mrefu wa okestra. Moja! Wana santuri mbili za simfonia hiyo hiyo, waongozaji wawili tofauti. Mmoja wamembatiza Kobe, anaimaliza kwa dakika arobaini na moja. Mwingine ni Moto, dakika thelathini na tatu. Mtunzi alikufa zamani hata babu wa Babu hajazaliwa, lakini humu ndani anaitwa Marehemu, kama vile walimzika juzi na mirathi bado.

"Marehemu hakuandika matembezi ya jioni," anasema Mwalimu. "Aliandika vita!"

"Vita gani vya kukimbilia choo?" anajibu Mama Nesi. "Huyo Moto wako anaongoza kama mtu aliyeshikwa na tumbo."

"Na Kobe wako anaongoza kama mgonjwa uliyemdunga sindano ya usingizi!"

Leo Kobe amefika katikati ya sehemu ya pili, pale wanapofumbaga macho, mashine ikalia kwiii, ikazima. Mkanda umekatika. Mwalimu amesema, "Hata mashine imechoka kumsubiri." Mama Nesi ameondoka bila kuaga.

Jumatatu, 6 Machi

Mvua. Mkanda wa aina ile hautengenezwi tena. Mjomba amenikabidhi kazi. Amesema, "Usiharakishe." Haya.

Jumanne, 7 Machi

Wasiojua niwaeleze. Mota inazungusha gurudumu dogo la chuma, kama kifundo cha kidole. Gurudumu linavuta mkanda wa mpira, na mkanda unazungusha sahani inayobeba santuri. Sahani lazima ipige mizunguko thelathini na tatu na kidogo kwa dakika. Ikizidi, muziki unakimbia na sauti inapanda. Ikipungua, kila mwimbaji anakuwa ng'ombe.

Mkanda nimeukata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, upana sawasawa, kwa wembe. Ulikuwa unateleza. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nimeviringisha tepu nyeusi ya waya za umeme kwenye lile gurudumu, raundi tatu, mkanda ukang'ata. Nimechora alama ya chaki ukingoni mwa sahani, nikahesabu kwa saa ya ukutani. Mizunguko thelathini na tatu na kidogo. Safi kabisa.

Mjomba amepita na sahani yake ya chakula cha mchana. "Umehesabu?"

"Mjomba! Mimi tena?"

Ijumaa, 10 Machi

Mvua. Nimekata kucha.

Jumamosi, 11 Machi

Leo ni siku ya kuwekwa kwenye kalenda.

Wameanza na Kobe kwa sababu ilikuwa zamu ya Mama Nesi kuchagua. Mwalimu amekunja mikono na kuegemeza kichwa ukutani, tayari kulala kama maandamano. Baada ya dakika moja kichwa kimetoka ukutani. Baada ya tano amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. Kobe alikuwa hai! Alikuwa na damu, alikuwa na miguu! Ilipoisha Mwalimu amevua miwani, ameifuta, ameivaa, akaivua tena.

"Mama," akamwambia Mama Nesi, "miaka kumi nimemtukana huyu bwana. Naomba radhi kwako, kwake na kwa Marehemu."

Wakaweka Moto ili kulinganisha. Maskini Moto! Amegeuka kuku wanaofukuzwa uani. Mwalimu mwenyewe amenyoosha mkono na kusema zimeni, aibu hii.

Mjomba akaniangalia. Wote wakaniangalia. Kwa kuwa walikuwa wananiangalia, ilibidi niseme kitu. Nikawaambia kwamba mkanda wa zamani ulikuwa umelegea, kwa hiyo miaka yote wamemsikia Kobe akiwa amelala na Moto akitembea, na sasa ndiyo mara ya kwanza wanawasikia walivyo. Imeniingia kichwani hivi hivi, nikiwa nimesimama. Mama Nesi amenishika mashavu yote mawili. "Kijana huyu ana akili!" Kichwa changu kilivimba mpaka nikahisi kofia inabana.

Babu peke yake hakupiga makofi.

"Imepanda," akasema.

"Nini imepanda, mzee wangu?" mjomba akauliza.

"Sauti. Nusu sauti nzima. Kama kwenye piano mtu ahame kibao kimoja aende cha jirani yake. Marehemu aliingilia mlango huu. Hawa leo wameingilia mlango wa jirani."

Mwalimu akacheka. "Mzee, usituharibie harusi."

Babu akanigeukia mimi, akagonga sikio. "Mjukuu wangu, wewe una masikio mabichi. Husikii?"

"Mimi nasikia iko sawa, babu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekosa funguo mfukoni.

Jumatano, 15 Machi

Mvua. Watu wawili wamekuja kuniona tu. Mmoja alidhani tunauza miavuli.

Jumamosi, 18 Machi

Katika sehemu ya pili ya Kobe kuna mtu anakohoa. Alikohoa siku ile walipokuwa wakirekodi, na kikohozi kikabaki kwenye santuri milele. Chama wamegombana saa nzima juu ya kikohozi hicho. Mwalimu anasema ni uchafu, Marehemu hakukiandika. Mama Nesi anasema bila kikohozi si Kobe. Miaka yote alikuwa akisema yule ni mwanamume wa makamo, mvutaji, pafu la kushoto. Leo amesikiliza upya, akasimama.

"Nilikosea. Huyu ni kijana. Hana miaka ishirini na tano."

"Amepona uzee?" Mwalimu akauliza.

"Kwenye vikohozi, mimi na wewe ni nani mwenye cheti?"

Mwalimu naye ana lake. Saa yake ya mkononi imesema Kobe ametumia dakika thelathini na tisa, wakati karatasi ya santuri inasema arobaini na moja. Akaitikisa saa, akaitia sikioni, akanitazama.

"Saa nazo huchoka, Mwalimu," nikamwambia.

Ameipeleka kwa fundi saa.

Jumamosi, 25 Machi

Fundi saa amesema saa ni nzima. Mwalimu amesema fundi saa mzembe, ataipeleka kwa mwingine.

Babu amesema tena: imepanda. Safari hii hakusema kwa kelele, alisema kama anayeuliza. Mama Nesi akamvutia kiti karibu, akatumia ile sauti yake ya wodini.

"Kaka yangu, nikwambie kitu kwa upendo. Uzeeni masikio husogea. Nimewaona wengi, na wanamuziki ndio zaidi. Mtu anaanza kusikia kila kitu kimepanda kidogo. Si dhambi. Ni miaka."

"Miaka," Babu akasema.

"Sote humu tumesikia sawa. Wewe peke yako."

Babu akanitazama mimi, sijui kwa nini kila mara mimi. Nikasema, tena kwa heshima zote, "Labda ni masikio, babu. Na hii mvua."

Akanishukuru. Kweli, alisema "ahsante, mjukuu wangu." Nikaona nimemsaidia.

Jumamosi, 1 Aprili

Chama hakijawahi kuwa na amani namna hii. Mwalimu na Mama Nesi wamekaa kiti kwa kiti wakipiga Kobe mara mbili mfululizo. Moto amefungiwa kabatini. Fundi saa wa pili amesema saa ni nzima. Mwalimu amemtafuta wa tatu.

Babu amekuja, amesikiliza, ameondoka.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimekutana na Babu nje ya shule ya muziki, analowa. Nikamvuta chini ya kibaraza. Alikuwa ameomba aingie apige piano ya pale, ajipime.

"Sasa si vizuri, babu? Umeonaje?"

"Nimeona iko sawasawa."

"Basi masikio mazima!"

Akacheka, kicheko cha mtu anayemwelewesha mtoto. "Piano ile aliyeikaza ni nani? Mimi. Mwezi wa kwanza. Kama sikio langu lilikuwa limeshasogea, na piano niliisogeza nalo. Haiwezi kunisuta. Tutasifiana tu, mimi na yeye."

Nikamvika kofia yangu. Mimi! Mvua ikanyesha tu pale mbele yetu.

Jumamosi, 8 Aprili

Babu hakuja. Mafua, amesema mjomba.

Jumamosi, 15 Aprili

Babu hakuja. Mama Nesi na Mwalimu wameanza kukubaliana hata juu ya mambo mengine. Inachosha kuwasikiliza. Chumba kimekuwa kama chumba cha kusubiri daktari.

Jumamosi, 22 Aprili

Msimamizi wa ukumbi wa mji amekuja dukani, mwavuli umepinduka, uso umepinduka. Mwezi ujao tarehe ishirini kuna onyesho, mpiga piano anatoka mbali, na Babu amekataa kuikaza piano.

"Amekataa?" mjomba akauliza.

"Amesema hataki kuharibu kitu kizuri. Amesema nitafute mtu anayesikia."

Mjomba akaniambia niende nimbembeleze, eti Babu ananipenda. Hilo ni kweli, watu wengi wananipenda, ni mzigo.

Jumatano, 26 Aprili

Chumba cha Babu ni kidogo na kila kitu kimepangwa kwa urefu: vikombe, viatu, hata sabuni. Shikamoo, marahaba, keti. Nikatoa hotuba yangu, niliyoiandaa njia nzima, nzuri sana, yenye "taifa" ndani yake mara mbili. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama chini ya kitanda, akavuta kisanduku cha mbao.

Ndani kulikuwa na ufunguo wake wa kukazia nyuzi, mpini umelika pale kidole gumba kinapokaa. Kulikuwa na vipande vya mpira vya kuzibia nyuzi, na brashi.

"Chukua."

"Niazime, babu?"

"Chukua. Una mikono mizuri, mjomba wako amesema. Una masikio ya ujana. Na wenzangu wote walinicheka au walinionea huruma. Wewe ulinijibu tu nilichokuuliza. Mara mbili. Hicho ndicho fundi anachotakiwa kuwa nacho, mengine atafundishwa."

Nilitoka na kisanduku chini ya shati kisilowe. Njia nzima sikumwambia mtu yeyote kwamba mimi ni nani.

Ijumaa, 28 Aprili

Nimefungua mashine mjomba alipokwenda sokoni. Ile tepu. Huu unyevu, unajua, tepu huvimba, gurudumu likanenepa, sahani ikakimbia. Kitu cha kawaida kwa msimu wa mvua, fundi yeyote atakwambia, hakuna wa kulaumiwa. Nimeitoa raundi zote tatu, nimepaka gundi ya viraka vya baiskeli upande wa ndani wa mkanda ili usiteleze. Nikahesabu. Thelathini na tatu na kidogo.

Jumamosi, 29 Aprili

Vita.

Kobe amelala. Dakika ya tatu Mwalimu ameegemeza kichwa ukutani.

"Kuna nini?" Mama Nesi akasema. "Mbona leo anajikokota?"

"Ndivyo alivyo siku zote! Mimi ndiye niliyelogwa mwezi mzima! Leteni Moto!"

Moto akatolewa kabatini. Hakuwa kuku tena, alikuwa askari. Mwalimu amepiga goti kwa furaha. Mama Nesi amemwita kigeugeu, Mwalimu amemwita Mama Nesi dawa ya usingizi, na mjomba akapiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Mtu wa kikohozi amerudi kuwa mzee wa pafu la kushoto. Na saa ya Mwalimu ikasema arobaini na moja kamili.

"Mnaona?" akapaza sauti. "Yule fundi wa tatu ndiye fundi!"

Hakuna aliyeniuliza kitu. Mimi ndiye pekee niliyekitazama kiti cha Babu.

Jumanne, 2 Mei

Nimepika mpango. Nimemwambia mjomba mashine inahitaji hewa. Hakunielewa, nikaondoka nayo kabla hajaelewa.

Nimeifunga nailoni, nikaipakia kwenye mkokoteni wa jirani, nikaisukuma matopeni mpaka kwa Babu. Watu njiani waliniuliza kama nahama. Nikaiweka mezani kwake, katikati ya vikombe, nikamwekea Kobe.

Sauti za kwanza tu, Babu akakaa wima. Mkono ukapanda wenyewe kwenye sikio. Uso ukawa kama mtu aliyeona ndugu yake akishuka kwenye gari. Kisha akauteremsha mkono.

"Umeiteremsha," akasema.

"Hapana, babu! Huu ndio mwendo wake. Mwanzo ndiyo ilikuwa imepanda. Ulikuwa sawa! Ni tepu niliyoweka, ilivimba kwa unyevu."

"Umeiteremsha ili nifurahi." Alikuwa anatabasamu. "Una moyo mzuri."

"Muulize Mwalimu! Saa yake iliona dakika zimepungua!"

"Saa ile? Si alisema mwenyewe imeharibika? Mafundi watatu."

"Babu, wallahi."

"Usiape kwa ajili yangu." Akanimiminia chai. "Nikuulize moja tu. Siku ulipoitengeneza, kabla ya unyevu, ulihesabu mizunguko?"

"Nilihesabu."

"Ukapata ngapi?"

Mashine ilikuwa inazunguka. Nilikuwa naiangalia alama ya chaki ikija na kwenda.

"Thelathini na tatu," nikasema.

"Na Jumamosi ile ile ya kwanza mimi nikasikia imepanda. Mvua ya siku nne haivimbishi tepu kiasi hicho." Akanisukumia sukari. "Unaona? Mashine ilikuwa sawa, mjukuu wangu. Kunywa chai."

Jumamosi, 6 Mei

Chama wamegombana. Sikusikiliza.

Jumamosi, 13 Mei

Mvua imepungua. Mjomba ameniuliza mbona nimekuwa kimya, nina homa? Mama Nesi amenitia kipimajoto mdomoni kabla sijajibu.

Jumamosi, 20 Mei

Onyesho. Chama tumekwenda wote, tumevaa. Piano imekazwa na bwana mmoja aliyeletwa, mwenye kifaa cha taa nyekundu na kijani. Taa ikiwa kijani anahamia uzi unaofuata. Hakuinua hata kichwa kusikiliza, kama mtu anayejaza fomu.

Babu alikaa mstari wa mwisho, kwenye kona. Mimi nilikaa kiti kimoja nyuma ya nguzo, namwona yeye hanioni. Mpiga piano, mama mwembamba mwenye viganja vikubwa, akaanza. Baada ya muda nikaona kidole cha Babu kikigonga goti lake mara moja. Kisha kimya. Kisha mara moja tena. Nikagundua kuna sauti moja, moja tu kati ya zote zile, na kila ikipigwa kidole kinaruka, kama mtu anayechomwa na pini. Akawatazama watu wa kulia. Akawatazama wa kushoto. Hakuna aliyekunja uso. Akautia mkono mfukoni, akaushikilia humo humo mpaka mapumziko.

Wakati wa mapumziko nilijipenyeza nyuma ya pazia, kazi yangu kupenya. Yule mama alikuwa amemshika msimamizi shati.

"Hicho kibao, cha tano kutoka katikati. Nani aliyekaza hii? Uzi mmoja umeteleza. Nilipokuja miaka sita iliyopita haikuwa hivi. Yule mzee yuko wapi?"

Msimamizi akasema mzee hasikii tena.

Nilirudi mbio mstari wa mwisho. Kiti kilikuwa kitupu, na karatasi ya ratiba imekunjwa mara nne sawasawa juu yake.

Jumapili, 21 Mei

Jua. Kila kitu kimeanikwa, mtaa mzima unanuka sabuni. Kisanduku cha Babu kiko mbele yangu mezani, na ule mpini ulioliwa na kidole gumba chake haukitoshi changu.

Nimelisoma daftari lote tangu mwanzo. Ni zuri, nina kipaji. Lakini nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe saba Machi, na ukurasa ule siwezi kuuacha ulivyo. Tepu haikuvimba. Tepu ilikuwa nene tangu raundi ya kwanza, na saa ya ukutani haikuwa na kosa. Ilikuwa mchana, nina njaa, mjomba amesimama pale na chakula chake kinanukia, na nilishamtangazia asubuhi kwamba kazi imekwisha. Niliandika thelathini na tatu.

Nilihesabu mara mbili. Zilikuwa thelathini na tano.